Barua ya wazi kwa Bodi ya Ithibati, TCRA na wahariri: msitupimie ukweli kwa kitambulisho

Kwa wakubwa wa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, wakubwa wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na nyie wahariri wa magazeti, redio na tivii, hasa wenye waandishi huku kwetu Arusha na Kilimanjaro,

Shikamooni wakubwa zangu, na wale tunaolingana habari za kazi. Mimi ni muongoza watalii, nakaa Sakina, napandisha wageni Kilimanjaro na Meru. Sio mwandishi, sina blogu, sina chaneli, sijawahi kuomba kitambulisho cha presi na sina mpango huo. Naandika kama mtu anayezisoma na kuzisikiliza habari zenu na ambaye kazi yake inategemea habari iwe ya kweli, maana habari ya uongo kuhusu mlima ikitoka leo, kesho mgeni kafuta safari na vijana ishirini wamekosa mkate.

Kuna kauli inarudiwa kila kwenye mkutano wa wanahabari, kwamba tatizo la habari nchi hii ni makanjanja (waandishi wasiosomea) wa mitandaoni, na dawa yake ni kila anayeandika awe na diploma na kitambulisho, asiye nacho akae pembeni. Naielewa hiyo hoja na sehemu yake ni ya kweli kabisa, ntakuja huko. Ila inapima kitu ambacho sio chenyewe. Inapima mtu ana karatasi gani, haipimi habari yake imepatikanaje, na mimi yamenikuta ambayo yanaonyesha hivyo vitu viwili ni tofauti kabisa.

Msimu fulani tulikuwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, juu ya mita 4,600, usiku wa kupanda kileleni, mmoja wa wagumu wetu (nyie mnawaita wapagazi) akaanza kukohoa povu, midomo imebadilika rangi, kifua kinakoroma, tukajua maji yameingia kwenye mapafu. Ukishaona vile hamna kusubiri kukuche, ni kushuka. Tukampa oksijeni, tukamfunga kwenye machela ya tairi moja, tukaanza kuteremka njia ya Mweka gizani, mmoja mbele, wawili pembeni, wengine nyuma wanaizuia isikimbie, mawe yanateleza, na kila tukisimama namuuliza jina lake na jina la mtoto wake wa kwanza, anajibu. Taratibu lakini anajibu.

Tulipofika chini kidogo panaposhika mtandao simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi umeshaposti MPAGAZI AFARIKI MLIMA KILIMANJARO, na picha yake, ile aliyoweka WhatsApp amevaa shati la harusi ya dada yake, wamemuwekea na mshumaa pembeni. Mtu alisikia nusu ya maongezi kwenye redio ya upepo, akatuma kwenye grupu, mwenye ukurasa akaichukua hapo hapo. Hakupiga simu getini, hakupiga hifadhi, hakumtafuta hata mmoja wetu. Hilo ni kosa la kanjanja na silitetei hata kidogo.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Asubuhi ile ile redio moja yenye leseni, yenye mhariri, yenye watangazaji waliosoma chuo na kuhitimu, ikaisoma hiyo habari kwenye taarifa ya habari, jina lake kamili, kijiji anachotoka, na kinga yao ilikuwa maneno sita tu, kwa mujibu wa taarifa zinazosambaa mitandaoni. Yaani walichukua neno kwa neno kutoka kwenye ule ukurasa. Kiboriloni kwa mke wake turubai likafungwa, mabenchi yakaazimwa, kina mama wakaanza kumenya ndizi za msiba, mama yake mzazi presha ikapanda akapoteza fahamu. Sisi tunafika geti la Mweka na mgonjwa wetu anaongea, anapelekwa hospitali ya KCMC, anaomba chai, na nyumbani kwake wanamlia.

Aliyeirekebisha ile habari ni kijana mmoja wa Moshi ambaye mchana anafanya kazi ya kutoa fotokopi Mbuyuni na usiku anaandika blogu yake ya mambo ya mji. Hana diploma ya uandishi. Alinipigia mimi, akapiga getini, akaenda mwenyewe hospitali, akamuomba kaka wa mgonjwa ruhusa ya kuandika, kaka akasema andika ila picha usiweke, hakuweka. Akaandika mistari michache: yuko hai, yuko kwenye matibabu, ndugu wamethibitisha, na chini akaweka saa aliyoongea nao na nani alimjibu nini. Ile habari ndiyo ilisomwa kwa sauti pale msibani mpaka watu wakaanza kufungua turubai. Ule ukurasa mkubwa ulifuta posti yake kimya kimya. Redio haijasema kitu mpaka leo ninapoandika, sio samahani, sio tumekosea, hamna.

Huyo kijana wa fotokopi ndiye kwenye mpango wenu hatakiwi kuingia kwenye ukumbi, na waliomzika mtu aliye hai hewani ndio wana vitambulisho.

Najua mtasema hilo ni tukio moja. Sawa. Tuangalie basi hizo karatasi zenyewe zinataka nini. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inasema asifanye mtu kazi ya uandishi bila ithibati, kanuni za 2017 zikaweka kiwango cha chini kuwa diploma, watu wakapewa miaka mitano wakasome. Upande wa mtandao zikaja Kanuni za Maudhui za 2018, bloga akatakiwa alipe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya kila mwaka, jumla milioni mbili na laki moja, na baadaye ada ikapunguzwa na tunashukuru kwa hilo. Lakini mtaona wenyewe, diploma inaonyesha mtu alikaa darasani, ada inaonyesha mtu ana hela, na kati ya hivyo viwili hakuna kinachoniambia mimi msikilizaji kama alipiga simu kabla ya kutangaza kifo.

Na hawa mnaowaona wa juzi sio wa juzi. Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, wakati wengi wetu intaneti ni ya kwenda kulipia kwa saa mjini. Mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti kabisa, akaanza blogu yake, na Watanzania walioko nje wakawa wanaijua nchi yao kupitia pale kabla gazeti halijawafikia. Mwaka 2006 likaanza jukwaa la mtandaoni la JamiiForums. Juni 2018, kanuni zile zilipoanza kubana, JamiiForums ikazima kwa muda, na mwaka 2019 mwanzilishi wake Maxence Melo akapewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na CPJ, taasisi inayotetea waandishi. Sasa huyo ni bloga au ni mwandishi? Hata nyie mkikaa meza moja hamtakubaliana, na mimi naona sio swali la maana sana.

Tena huku kwetu tuna historia ya zamani zaidi ya hapo. Miaka ya 1950 Wachagga walikuwa na gazeti lao, Komkya, watu wa kawaida wanaandika barua humo wanabishana kuhusu ardhi na uongozi na maendeleo, hakuna aliyeulizwa ana cheti gani. Waliulizwa hoja.

Nisieleweke kwamba nadharau taaluma. Naiheshimu sana na nina sababu. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kazini Nyololo, Iringa, Septemba 2, 2012. Azory Gwanda, aliyekuwa anaiandikia Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017 na familia yake haijampata. Watu wa namna hiyo walikuwa wanafuata habari ilipo, wanajua hatari yake, na kuna kazi ambazo bloga peke yake hawezi, kupekua mahesabu ya halmashauri miezi mitatu, kulipia wakili ukishitakiwa, kuwa na mhariri anayekurudishia stori mara nne anakuuliza umemuuliza na upande wa pili? Oktoba 2020 mlima ulipowaka moto, picha za kwanza nilizoziona mimi zilitoka kwenye simu za watu wa Moshi wanaoangalia moto usiku kutoka chini, na zilikuwa za kweli, zilitufaa sana. Lakini moto umefika wapi, njia ipi iko salama, hilo simu ya mtu aliyeko Soweto au Pasua haiwezi kujua, ilitakiwa mtu wa kuwapigia TANAPA, wenye hifadhi za taifa, na kuwauliza vizuri. Wageni wangu walikuwa wananitumia kila aina ya picha, nyingine hata sio mlima wetu, mimea tu inakuambia hapa sio Kilimanjaro, na mimi nilikuwa nawajibu kwa kutumia yule aliyeandika chanzo chake. Wakati mwingine alikuwa gazeti, wakati mwingine alikuwa bloga.

Kwa hiyo ninachosema ni kimoja. Uaminifu uko kwenye kazi inavyofanyika. Nani kasema, umemuona wapi, umemuuliza nani mwingine, picha ni ya lini, na ukikosea unafanyaje. Mwenye kitambulisho aulizwe hayo, asiye nacho aulizwe hayo hayo.

Wenzetu walishapita huku. Mwaka 2003 New York Times, gazeti ambalo hamna chuo cha uandishi hakilitaji, waligundua mwandishi wao Jayson Blair alikuwa anatunga habari na kuiba za wenzake, anaandika kama yuko mji fulani kumbe hajatoka nyumbani. Walichofanya ni kulieleza kosa lao lote kwa kirefu kuanzia ukurasa wa kwanza, stori kwa stori. Mwaka uliofuata tivii ya CBS ya Marekani ikaonyesha nyaraka kuhusu utumishi wa jeshi wa Rais Bush, mabloga wakaanza kuziangalia herufi zake na kuuliza mbona zinafanana na za kompyuta wakati inasemekana zilipigwa taipu miaka ya 1970, CBS wakashikilia siku kadhaa, mwisho wakakubali hawawezi kuthibitisha na kuomba radhi. Hapo mabloga ndio walikuwa wakaguzi. Lakini pia Aprili 2013 baada ya mabomu ya Boston watu wa mtandao wa Reddit walijifanya wapelelezi wakamtaja mwanafunzi asiyehusika kabisa, familia yake ikateswa na maneno, na yule kijana akaja kupatikana alishafariki. Hakuna upande uliozaliwa na ukweli.

Na sisi wa Arusha ndio wa mwisho kudanganywa kwenye hili, maana mfano mkubwa kuliko yote ulihukumiwa hapa hapa mjini, pale kwenye jengo la mikutano la AICC. Desemba 3, 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu wa redio ya RTLM na gazeti la Kangura, vyote vya Rwanda, kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari. RTLM haikuwa ukurasa wa kujificha, ilikuwa redio iliyoruhusiwa na serikali, ina studio, ina watangazaji wanaojulikana kwa majina na sauti. Kangura lilikuwa gazeti lina mhariri, Hassan Ngeze, na yeye alikuwa kizimbani. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya hatia na kupunguza adhabu, lakini Ngeze na mwanzilishi mmoja wa RTLM walibaki na hatia ya uchochezi. Kibali kilikuwepo, mhariri alikuwepo. Kila nikipita pale na wageni nawaambia hilo, na nashangaa sisi tuliokaa na hiyo kesi miaka yote tunazungumza kana kwamba kitambulisho kinamsafisha mtu.

Mahakama nyingine iko hapa hapa, ya Afrika Mashariki, na Machi 28, 2019 ilisema vifungu vingi vya hiyo hiyo Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, vikiwemo vinavyohusu ithibati. Marekebisho ya 2023 yalilegeza baadhi ya mambo, sawa, ila swali la ithibati limebaki pale pale.

Sasa kuhusu mabloga wenyewe, maana najua nao watasoma hii. Mnatuumiza. Kichwa cha habari INASIKITISHA halafu ndani hamna kitu, picha ya ajali ya mwaka juzi inawekwa kama ya leo, mtu anavuliwa heshima yake kwa ajili ya kiki, maiti inapigwa picha barabarani Kisongo kabla ndugu hawajajua. Mnawapa wanaotaka kuwafungia sababu za bure. Mkitaka muitwe waandishi kama wenzenu basi fanyeni ile kazi ndogo isiyo na laiki, kupiga simu.

Na wahariri, nataka niongee na nyie kwa heshima lakini wazi. Bahasha. Kila mtu Arusha anajua, mimi mwenyewe nimekaa kwenye uzinduzi wa mambo ya utalii hoteli moja, hotuba haijaisha, waandishi wanasaini karatasi kule nyuma wanapokea nauli, wengine wanaondoka na ile taarifa iliyochapwa na mwenye shughuli, jioni naisikia redioni ilivyo, hata koma haijahamishwa. Hakuna aliyemuuliza mwenye hoteli mbona wafanyakazi wake wana miezi hawajalipwa, na walikuwa wanagawa vinywaji mbele yao. Siwalaumu vijana peke yao, mnawalipa kwa stori, hela kidogo na inachelewa, kamera ya kwake, bando la kwake, bodaboda ya kwake, halafu mnategemea akatae bahasha ya elfu thelathini. Mwandishi anayelishwa na anayemwandika atawezaje kumwandika? Mkiwalipa vizuri mtakuwa mmefanya kwa ajili ya kuaminika kwenu kuliko semina kumi za kuwasema makanjanja.

Maombi yangu basi, na nayaelekeza kwa kila mmoja.

Bodi ya Ithibati, wekeni mlango wa mtu kupimwa kwa kazi yake. Alete habari zake za mwaka mzima, mziangalie, mpige simu kwa waliotajwa humo, muone alirekebisha wapi alipokosea. Akifaulu apewe, hata kama alisoma ualimu au hakumaliza chuo. Na mwenye diploma anayerudia kutangaza uongo bila kusahihisha, kitambulisho chake kirudi mezani. Hapo sisi wananchi tutaanza kukiamini hicho kitambulisho maana kitakuwa na maana.

TCRA, badala ya kuanzia kwenye ada, anzieni kwenye masahihisho. Kila chombo, kiwe tivii au blogu ya mtu mmoja, kiwe na sehemu inayoonekana ya tumekosea, na kosa lisahihishwe kwa ukubwa ule ule lililotangazwa nao. Redio iliyomuua yule mgumu wetu saa moja asubuhi ilitakiwa imfufue saa moja asubuhi kesho yake, sauti ile ile. Na msifute tu, mtu akifuta posti bila kusema waliokwisha kuisoma wanabaki na uongo wao.

Wahariri, hiyo kwa mujibu wa taarifa zinazosambaa mitandaoni iacheni kabisa. Kama mmethibitisha semeni mmethibitisha na nani, kama hamjathibitisha nyamazeni mpaka mthibitishe, hakuna anayekufa kwa kukosa habari dakika arobaini. Na mkichukua habari au picha ya bloga mtajeni kwa jina, mlipeni, msiikate alama yake pembeni na kuweka ya kwenu.

Na viongozi wetu wa mkoa, wilaya na halmashauri, Arusha na Moshi, vikao vya madiwani ni vya wazi kwa wananchi, sio vya wenye vitambulisho. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kutafuta na kupokea habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku thelathini. Raia yeyote. Kwa hiyo afisa habari akimwambia kijana mwenye daftari wewe wa chombo gani, jibu la kwamba mimi ni mkazi wa hapa linatosha, ampe kiti na ampe hiyo taarifa.

Yule mgumu amepona ila mlima hapandi tena, mapafu yake daktari kamkataza, sasa hivi ana kijikibanda cha kuuza vocha na soda. Mama yake mpaka leo redio ile haisikilizi. Nimemuahidi kwamba ntawaandikia, na naomba hasa hiyo redio, nyie wenyewe mnajijua, mpigieni simu yule mama mumuombe radhi kabla hamjanijibu mimi.

Wenu,
Muongoza watalii, Sakina, Arusha